Sikio la Karani

Karani wa dirisha la kurudishia bidhaa, katika duka la vichezeo, hakuwa na habari ya kufungua maboksi. Kila lililorudishwa alilitikisa sikioni, macho kafumba, akasema, "Vimo vyote," akabandika utepe na kuukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Boksi likarudi rafuni kuuzwa tena. Mpaka siku bibi mmoja alipomwekea mezani seti ya matofali ya plastiki. "Mwanangu, mjukuu wangu kafungua zawadi yake, kakuta maharage makavu." Kwenye utepe uliokatwa, karani aliiona alama ya ukucha wake. Angeweza kumgeuzia kibao bibi wa watu. Alilitikisa boksi: sauti ile ile. "Kosa langu, bibi. Aliyelirudisha kabla yako kaniingiza mjini." Siku hizi ana mkasi, lakini kwanza hulitikisa kila boksi, kama anayempa rafiki mwongo nafasi ya kusema kweli.