Helmeti Kwenye Kiwiko

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Natangulia kukiri mwenyewe ili msije mkanisumbua kwenye maoni.

Niliokotwa kwenye miiba, nyusi imepasuka, kidole kidogo kimegeuka upande usio wake, na helmeti yangu haina hata mkwaruzo.

Ilikuwa salama salimini. Kwenye kiwiko.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Vardis, fundi pikipiki, kijiji chetu kiko milimani huku Krete. Kwetu helmeti kila mtu anayo. Tunaitundika mkononi kama mama anayekwenda sokoni na kikapu. Ukikaribia daraja, wanaposimama polisi, unaihamishia kichwani. Ukilivuka daraja, inarudi kiwikoni.

Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu, ndivyo tunavyoendelea.

Sasa, rafiki yangu Argyro. Huyu tulikaa dawati moja toka darasa la kwanza. Majira ya baridi alifiwa na mumewe, akaachiwa pikipiki kuukuu na mizinga arobaini ya nyuki huko juu mlimani kwenye vichaka vya zaatari. Chombo pekee alichowahi kuendesha maishani ni toroli.

Shemeji yake, Manousos, kaka wa marehemu, akajitia huruma. Alikuwa kichwa wazi juani mkahawani. Kofia yake ya majani ilikuwa imepotea tangu Pasaka, na hakuna mchungaji wa mbuzi ambaye hakumshuku.

"Nyuki hawafugwi kwa machozi, Argyro," akasema mbele ya watu wote. "Mimi ndiye ninayepanda kuwaangalia kila wiki. Niachie."

"Nitapanda mwenyewe."

"Kwa mabawa?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Haya basi," Manousos akasema. "Jumapili ya Pentekoste, ukitoka kanisani, panda pikipiki mpaka mizingani urudi. Ukishindwa, Jumatatu naihamishia kwangu mizinga yote."

"Vardis atanifundisha," Argyro akajibu.

Hata hakuniuliza!

Tukaanza kwenye uwanja wa kinu cha kukamua zeituni, ambacho kiangazi hakina kazi. Klachi, gia, breki. Siku ya kwanza alizima injini mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akaenda, akamkosa kuku wa padri kwa unyoya mmoja.

"Argyro, tazama unakokwenda, usimtazame kuku! Macho yakienda kwa kuku, pikipiki inayafuata."

Akazima injini, akatoa daftari, akaandika.

Kila kitu anaandika. Breki ya nyuma na ya mbele pamoja, polepole. Kona, punguza mwendo kabla, sio katikati. Na kila safari, hata ya hatua ishirini, lazima aizunguke pikipiki: tairi, cheni, taa, vioo, halafu mkanda wa helmeti, kaza, jaribu, kaza tena.

"We bibi, unakwenda kuzunguka kinu au unakwenda mwezini?"

"Mwalimu, kwa nini yako iko kwenye kiwiko?"

"Joto."

"Na lami ni baridi?"

"Dada, mimi nimeanguka mara saba. Nina uzoefu."

"Uzoefu wa kuanguka," akasema, na akaandika hilo pia.

Baada ya wiki chache akaenda mjini kufanya mtihani wa leseni, akafaulu. Nikatamba kijiji kizima kama vile leseni ni yangu. Lakini mjini kuna tambarare. Njia ya mizingani ni kona tupu na changarawe, na hiyo nilikuwa sijampitisha hata mara moja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Pikipiki yake ilianza kunywa petroli kama ngamia. Nikakagua tangi mara mbili nikitafuta panapovuja. Pakavu kabisa.

"Labda inageuka mvuke," Argyro akasema, huku anachambua maharage.

Nami fundi mzima nikakubali.

Jumapili ikafika. Nusu ya kijiji ilitoka kanisani ikaketi mkahawani kutazama. Manousos aliagiza kahawa.

"Nitakutangulia mpaka kona ya kikanisa," nikamwambia Argyro. "Pale ndipo pabaya. Fuata mstari wangu."

Kikanisa chenyewe ni cha bati, juu ya nguzo, kando ya barabara, ndani mna taa ya mafuta na picha ya mtakatifu. Kwetu huwekwa pale mtu alipokufa au alipoponea chupuchupu. Hicho alikiweka mama yangu miaka kumi na tisa iliyopita, kumshukuru mtakatifu.

Kwa ajili ya nani? Msiniulize.

Nikaondoka kwa mbwembwe, helmeti kiwikoni. Nikaikaribia kona. Nikageuza kichwa nyuma, nikapaza sauti:

"Argyro! Hapa usitazame nyuma!"

Changarawe ikanijibu.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali, mtakatifu ananitazama kutoka kwenye kikanisa cha mama kwa uso wa mtu aliyechoka.

Argyro alisimama vizuri kabisa. Indiketa, ukingo wa barabara, stendi. Akaja, akafungua kitambaa chake cheusi cha msiba, akanifunga nyusi.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu. Nenda! Mizinga iko kilomita mbili tu, mimi nitangoja hapa!"

"Damu ikuingie machoni huku unangoja? Simama."

"Argyro, utaikosa mizinga!"

"Simama nimekwambia."

Akanivalisha ile helmeti polepole juu ya kitambaa, akakaza mkanda, akajaribu, akakaza tena. Kisha akanipakia nyuma, akageuza kuelekea kijijini kwa daktari. Kona zote alizishuka kama anamimina mafuta kwenye chupa. Nikajiuliza, huyu hizi kona kajifunza lini?

Tulipopita mkahawani Manousos akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Ikabidi tusimame.

"Hukufika!" akasema, anacheka. "Majirani, mmeshuhudia. Kesho nahamisha mizinga."

"Amerudi kwa ajili yangu, wewe mtu huna haya?" nikafoka.

"Makubaliano ni makubaliano, fundi. Mimi nyuki nawaangalia kila wiki. Yeye hata njia haijui."

Funzo nalitoa hapa hapa, kwa sababu neno la mwisho ni la Argyro. Nimewauzia watu cheni, plagi na klachi za kila aina. Kichwa sijawahi kukiona dukani. Na mwanafunzi wako akikuuliza swali la kijinga, kwanza jikague wewe kiwikoni.

Argyro alizima injini. Akafungua begi la pikipiki, akatoa kofia ya majani ambayo kijiji kizima kiliijua, akaiweka mezani kando ya kahawa ya Manousos.

"Ilikuwa juu ya mzinga wa tatu, shemeji. Wiki mbili hizi nimewapelekea nyuki maji kila alfajiri, na kila alfajiri nimeikuta pale pale inakungoja. Leo nimekuta buibui amejenga ndani, nikaona nikuletee kabla na yeye hajadai urithi."