Nilitengeneza mganga wa majani kwenye game, Bahati akafa dawa zangu zikiwa zimejaa

Wakuu, heshima kwenu wote. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Bado yananiuma, kwa hiyo mwenye kucheka acheke polepole.

Niko Uvira, upande wa Kavimvira. Tuna kikundi kidogo cha mchezo wa mezani, ule wa kusimulia: kila mtu anatengeneza mhusika wake, mmoja anaongoza hadithi, dadu zinaamua nani anaumia. Tunakutana Jumapili baada ya misa nyumbani kwa Espoir. Yeye ndiye maître, yaani kiongozi wa hadithi. Wachezaji ni mimi, dada yangu Neema, na Bahati.

(Wale wa kusema ni mambo ya watoto: ndiyo, nina ndevu na ninacheza.)

Safari hii nilichagua kuwa healer, yaani mganga wa kundi. Build yangu, yaani uwezo niliompa mhusika, yote ya porini: majani, mizizi, utomvu, kuotesha miiba ya kumzuia adui. Sina hata upanga. Kazi yangu moja tu, wenzangu wasife.

Nilimchora kutoka kwa bibi yangu wa kijijini Lubarika, anayetibu watu kwa majani. Bibi hamfuati mgonjwa. Mpaka waje wamuite, ndipo anabeba kikapu chake. Anaona akijipeleka mwenyewe watu watasema anatafuta biashara.

Basi nikampa mhusika wangu nadhiri hiyohiyo, hatibu mpaka aitwe. Espoir akaipenda, akaniongezea nguvu ya tiba. Nikajiona fundi kweli.

Sasa Bahati. Ni rafiki yangu tangu shule, mtu wa kijiji cha Kiringye, anacheza shujaa wa mkuki. Alikuwa amepata kazi Kalemie na anaondoka wiki hiyo. Tukakubaliana Jumapili ya mwisho tumalize safari ya wahusika wetu, wote watatu tufike tukiwa hai, ndiyo iwe kwaheri yake.

Mezani kwetu kila mtu anaficha uhai uliombakia. Ni sheria ya Espoir, inaleta joto.

Jumapili hiyo, ndani ya hadithi, tukafika kwenye daraja, viboko wakaanza kupanda kutoka mtoni. Bahati akabaki nyuma kuwazuia ili mimi na Neema tuvuke. Dadu zikamkataa, tena na tena.

Neema akamuuliza, "Bahati, uko muzima?"

"Endeleeni tu," akajibu.

Wakuu, nilimwona usoni kwamba mambo si mazuri. Tiba zangu zote zilikuwepo, sijatumia hata moja. Nikakaa nangoja aniite.

Kiboko akapita naye.

Espoir akasema, "Bahati, iko mwisho." Bahati akaokota dadu zake, akazitia mfukoni. Hakuna aliyetaka kuendelea.

Nilipomsindikiza nikashindwa kuvumilia. "Juu ya nini hukuniita? Minye nilikuwa na dawa yote."

Hakukasirika. "Weye unajua. Kwetu mugonjwa hajiitie muganga. Batu ya nyumba yake ndio banaenda kumuita."

Tulipofika barabarani akaongeza:

"Nilizania weye na Neema ndio batu ya nyumba yangu."

Siku chache baadaye akapanda boti ya Kalemie. Tukiongea kwenye simu anacheka, anasema ni game tu. Huko hajapata watu wa kucheza nao, na mimi najuta kila nikishika dadu.

Nilichojifunza: ukitengeneza healer, piga hesabu ya majani baadaye. Kwanza muulize mwenzako anaumia wapi, na akisema yuko sawa, muulize tena. Ile nadhiri nimeshaifuta, ila Bahati hayupo mezani kuona faida ya kuifuta.

Wenye healer humu, niambieni ukweli: huwa mnauliza, au na nyie mnakaa mkingoja kuitwa?