Pua ya Shangazi

Shangazi yangu alipohama Mambrui akaja kukaa nasi mtaa wa Barani, miaka ya themanini, pumu yake tulikuwa tumeshaizoea. Nisichoweza kukizoea ni pua yake. Binti mkubwa nyumbani nilikuwa mimi, kwa hivyo hanchifu zake zilikuwa kazi yangu. Kamasi zilikuwa za kijani, zimeganda kitambaani kama gundi, na zikiingia maji ya moto zilitoa uvundo wa samaki aliyeoza. Nilifua huku nimebana pumzi, kisha chakula cha mchana kilinishinda.

Mama ndiye aliyegundua kwamba usaha ukizidi puani, haupiti muda kifua nacho humbana.

"Wifi, pumu yako yaanzia puani," alimwambia.

"Mafua tu haya," shangazi akajibu kwa hasira. "Nani asiye na mafua?"

Asubuhi moja alibanwa hadi midomo ikageuka rangi. Tulimkimbiza hospitali. Alipodungwa sindano akapata kupumua, daktari, mtu wa bara, alimmulika puani kwa tochi. Siku chache baadaye alimtoa vinyama vilivyoota humo, nami nikashikishwa bakuli. Vilikuwa laini, vyeupe, vyatelezateleza kama zabibu zilizomenywa. Usaha ulivifuata, mzito, ukanirukia kidoleni. Nilitapika pale pale, kando ya kitanda.

"Yote hayo yalikuwa ndani yangu?" shangazi aliuliza, uso ameukunja.

"Ndiyo, mama," daktari alisema. "Usaha huu una vijidudu, na vijidudu hutoa sumu. Nashuku mwili wako umekuwa hauivumilii sumu hiyo hata kidogo. Ikiwapo puani, kifua nacho hufura na kufunga. Sina hakika, lakini tusafishe pua tuone."

Alimpa dawa, akamwagiza asukutue pua kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Alisukutua uani, akivuta na kutema kwa kishindo ndani ya beseni, na mimi nikimwaga uchafu ule huku nimegeuza shingo. Lakini pumu ilipungua. Haikwisha, vidonge aliendelea kumeza. Ila aliweza kutembea hadi sokoni bila kusimama njiani.

Halafu akaanza kusikia harufu, jambo alilolikosa kwa miaka. Alisimama mlangoni, akanusa mtaro wa nyuma ya nyumba, akaziba pua kwa ncha ya buibui.

"Salaala! Nyumba hii yanuka hivi?" alisema. "Mwaishije humu?"