Mboga ya Bwawani

Tangu aolewe, Hemlata hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Kwao Bengali, mke akimtaja bwana kwa jina anampunguzia maisha, na nani anataka lawama hiyo? Tena mzee wake aliitwa Brahmapada, kwa hiyo hata brahmi, majani madogo ya kando ya bwawa yanayoliwa kutunza kumbukumbu, yeye aliyaita "mboga ya bwawani." Akimtaka mumewe husema tu, "Wee, unasikia?" Mumewe naye humwita Mama Montu.

"Wifi, taja basi hiyo mboga, hutakufa!" Pushpo humtania.

"Nikifa mimi si neno. Akifa kaka yako je?"

Sasa mzee alikuwa amesahau kama amekula, amesahau choo kiko wapi, na juzi alimwamkia mkewe kama mgeni. Kila asubuhi Hemlata alichuma majani yale, akayakaanga kwa samli, akamlisha na wali. Hakuomba makubwa, jamani. Alitaka mumewe amjue tena, walau mara moja.

Tabibu wa mitishamba akamwambia, "Mboga peke yake haitoshi, mama. Ukimlisha, mwite kwa jina lake. Mtu huzindukia jina."

"Mie? Nimtaje? Tabibu, huna haya!"

Lakini kesho yake alifunga mlango, akajifunika upindo wa sari mpaka machoni. Akamtia tonge kinywani.

"Brahmapada," akanong'ona. Kisha kwa nguvu, "Brahmapada! Ni mimi!"

Mzee akaacha kutafuna. Macho yakamchangamka, na Hemlata akamsogelea. Dawa imeshika!

"We bibi ni nani, unanitaja jina hivi?" mzee akafoka. "Mke wangu hajanitaja hata siku moja. Ana haya, maskini, na analia upesi. Ondoka, asije akakukuta humu."

Kumbe mzee alimkumbuka mkewe, tena vizuri sana. Ila hakuwa huyu aliyeketi mbele yake.

Hemlata akaweka sahani chini, akatoka, akaketi kando ya ukuta wa jiko akilia kwa kwikwi. Mara mzee akaita kutoka ndani, kwa sauti ileile ya ujana wao: "Mama Montu! Uko wapi, Mama Montu?"

"Abee," akaitika. Lakini hakuthubutu kuingia.