Mshona Midoli Atafuta Mgongo wa Kumbebea Mjukuu

Mdoli wa kwanza wa leo una kichwa, mikono na gauni la maua, lakini bado hauna mtoto mgongoni.

Mama Midoli anauinamisha kwenye cherehani yake ya miguu. Anauwekea mgongoni kichwa kidogo cha kitambaa kisichozidi kidole gumba, anakizungushia kipande cha mbeleko, kisha anakanyaga. Mtoto ameshika. Mdoli unatupwa kwenye gunia na mwingine unachukuliwa.

"Bila mtoto haununuliki," anasema bila kuinua macho. "Mwenye duka ndivyo anavyotaka."

Chumba hiki ndicho kiwanda, ndicho sebule, ndicho mahali pa kulala. Vumbi la vitambaa linaelea kwenye mwanga wa dirishani. Kitandani amelala mjukuu wake wa miezi minane, anakohoa usingizini. Kila akikohoa, mguu wa bibi yake unasita kidogo kwenye kanyagio, halafu unaendelea.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Binti mkubwa wa Mama Midoli, ambaye ndiye mama wa mtoto huyu, amekubaliwa kurudi darasani baada ya kukaa nyumbani mwaka mzima. Mwalimu mkuu ametoa sharti moja tu, kwamba aje peke yake. Leo ni Alhamisi, na katika nyumba hii bado hajapatikana mtu wa kubaki na mtoto.

Mama Midoli ni mjane wa miaka arobaini na mitatu. Zamani alikuwa fundi wa nguo za kike, mpaka mitumba ilipomwondolea wateja akabaki na vipande. Mdoli wake wa kwanza hakuuza. Alimshonea binti yake huyo alipokuwa na miaka minne, akamkatia na mbeleko ya kuubebea.

Binti akawa hautui mdoli huo. Akitumwa chumvi anao, akienda kuoga anao. Majirani wakamwita Mama Pamba, wakawa wanasimama njiani kumwamkia kwa heshima zote: shikamoo Mama Pamba, mtoto hajambo? Naye anajibu kwamba hajambo, ila meno yanamsumbua. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Nilijisikia fahari," anasema mama yake. "Nilikuwa nawaambia, huyu atakuja kuwa mama mzuri."

Amekuwa mama akiwa na miaka kumi na sita, na siku hizi hakuna anayemwamkia kwa mzaha. Baba wa mtoto ni mwanafunzi mwenzake, anaishi mtaa wa pili, na hakukosa hata kipindi kimoja. Hakuna mwalimu aliyemwita kumpa sharti. Yeye siku zote alikwenda shule peke yake.

Wahenga walisema mtoto hutazama kisogo cha nina, yaani cha mama yake. Katika nyumba hii midoli nayo imetazamwa sana, na yote inafanya kazi moja.

Mdoli wenye mtoto humpatia Mama Midoli bei ya kilo moja ya sukari. Usio na mtoto humpatia nusu yake, tena kwa kubembeleza. Ndiyo maana gunia zima liliporudishwa wiki mbili zilizopita, aliacha kazi zote akatafuta chanzo.

Mwenye duka alikuwa amelifungua mbele ya wateja, akakuta midoli yote ina migongo mitupu, nyuzi zinaning'inia. Akapiga simu kuuliza kama siku hizi fundi anashona midoli tasa. Alisema hivyo huku akicheka, na Mama Midoli naye akacheka, kwa sababu mwenye duka ni mmoja na washonaji ni wengi.

Kwanza alidhani ni panya. Kisha akainama chini ya kitanda na kukuta boksi la viatu. Ndani yake wale watoto wote wa kitambaa walikuwa wamelazwa kwa mistari, wamefunikwa leso, na pembeni upo wembe wake wa kufumulia nguo.

Mhalifu alikuwa kitindamimba wake, msichana wa miaka saba ambaye mtaa mzima unamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama alishainua mkono. Akaona bora aulize kwanza.

"Mwalimu alisema hawapokei mwenye mtoto mgongoni," Sindano anamweleza mwandishi wa makala haya, kwa subira ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Sasa hawa wangeingiaje darasani?"

Alikuwa ameongozana na dada yake siku ya kuomba nafasi. Alisimama mlangoni mwa ofisi akasikia kila neno, akarudi nyumbani na kuifungulia njia midoli yote. Mama yake aliushusha mkono. Walikaa chini wawili hao wakawarudisha watoto migongoni, mmoja akishona na mwingine akimpokeza vichwa.

Tatizo la Jumatatu lingekuwa dogo kama Mama Midoli angeweza kumlea mjukuu huku akishona. Lakini muuguzi wa zahanati amemwambia kikohozi kile kinatokana na vumbi la vitambaa, na kwamba mtoto asikae chumbani cherehani ikifanya kazi. Malezi ya kulipia yanataka zaidi ya kile gunia linachoingiza.

Anabaki kaka mtu.

Ana miaka kumi na tisa na anaitwa Dereva. Jina hilo alilipata utotoni, wakati marehemu baba yake alipokuwa akimtengenezea magari ya waya na yeye akiyasukuma barabara nzima huku akinguruma. Hajawahi kushika usukani wa gari la kweli. Huosha magari ya watu kituoni siku akiitwa, na siku nyingi haitwi. Asubuhi zake ni tupu.

Mama yake alimwomba mwezi uliopita, akamwomba tena juzi. Alikataa mara zote mbili. Ukimsikiliza haraka utamwona mvivu asiye na huruma, na mwandishi huyu alimwona hivyo pia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini anapoulizwa sababu, kijana anatazama kitanda kwanza.

"Nikipita kijiweni na mtoto mgongoni nimekwisha," anasema. Kisha anashusha sauti. "Nilipokuwa mdogo nilishika mdoli wa dada nikachapwa. Leo mnanikabidhi mtoto wa kweli. Hata kichwa chake sijui kinashikwaje."

Mama Midoli anaikumbuka siku hiyo. Aliyechapa ni baba, anasema, kwa hofu kwamba mwanawe angeharibika. Yeye alikuwa papo hapo kwenye cherehani, akakaza macho kwenye mshono.

Mwanawe alipokataa mara ya kwanza, mama alijaribu kitu ambacho hakuwahi kukishona. Aliuvalisha mdoli suruali, akauchorea masharubu kwa uzi mweusi, akaubebesha mtoto mgongoni. Mwenye duka hakuununua. Aliuomba bure, akautundika juu ya kaunta ili wateja wacheke, na wateja wanacheka kweli. Baba mmoja alimwondoa mwanawe dukani kwa kumvuta sikio kwa sababu aliunyooshea mkono.

Pembeni ya chumba Mama Pamba anajaribu sare yake ya zamani. Sketi inafika, shati halifungi kifuani. Mama yake ataliongezea kipande kesho.

"Nilikuwa naogopa nimesahau hesabu," anasema binti huyo. "Kumbe nimesahau kukaa bila kubeba kitu. Nikimweka mtoto chini, mgongo unaona baridi."

Ni maneno mazito kwa msichana wa miaka kumi na sita, na inauma kuyasikia yakisemwa kwa utulivu namna ile.

Kwa Jumatatu umebaki mpango mmoja. Cherehani itahamia banda la jikoni lisilo na dirisha, vumbi libaki huko. Mchana Mama Midoli atambeba mjukuu barazani, usiku atashona. Atalala saa ngapi, hilo hajalipangia. Anasema mgongo wake umezoea, na kwamba ameshabeba watatu, huyu wa nne hawezi kumshinda.

"Ninachotaka amalize shule," anasema. "Akimaliza yeye, huyu mdogo naye atakuwa na kisogo kingine cha kutazama."

Dereva yuko kizingitini anafunga kamba za viatu. Amesikia yote. Anakaza fundo, analifungua, analikaza tena, kisha anatoka zake.

Sindano ameketi kwenye gunia, anasubiri kuambiwa apokeze. Amekuwa akiutazama mgongo wa mama yake ulivyoinama juu ya cherehani.

"Mama," anauliza, "na wewe atakufumua nani?"

Mama Midoli ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Sindano anamwekea kiganjani kichwa kingine kidogo.