Mangi, Marobota na Jino la Matilda

Saa tatu asubuhi, uani nyuma ya maduka ya vitenge Kariakoo, Severa anamfunga Matilda kitambaa machoni. Humoud, mtoto wa duka la jirani, anamshika mkono na kumwongoza kati ya ndoo na kamba za nguo.

"Dimbwi hilo, inua mguu," Humoud anasema.

Hakuna dimbwi. Matilda anainua mguu hivyo hivyo, na Severa anamgombeza Humoud: mwenzio kakuamini, halafu unamchezea shere?

Kazi yake Severa ni hiyo, kuwachunga watoto wa wenye maduka wakati wazazi wanauza. "Mvua ikipiga, bonde la Jangwani likijaa maji, watoto hawaji," anasema. "Siku hiyo nashindia chai."

Wiki iliyopita, jamani, nusura akose pa kuwachungia. Ua ni wa Mangi Elimringi, baba yake Matilda, naye akataka kuujaza marobota. Akaja na wapagazi kabisa. Michezo gani hiyo, akasema, watoto hawajifunzi kitu.

Sasa huyu Mangi ana sifa yake. Chomoa kitenge kimoja katikati ya rundo, kirudishe, atajua tu.

Severa hakubishana. Akamwambia acheze na mwanawe mara moja. Mnatazamana, mnapeana mgongo, mmoja anabadilisha kitu mwilini, mwenzake akitaje. Mangi akipatia, aujaze ua marobota yake; akikosa, watoto wabaki.

"Kazi ndogo hiyo," Mangi akasema.

Wakapeana mgongo. Matilda akahamishia kibanio cha nywele upande wa pili. Mangi akageuka, akamkagua juu mpaka chini kama mzigo uliotoka bandarini.

"Jino," akasema. "Jino la mbele halipo."

Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Wapagazi wakageukia ukutani kuficha chao.

"Baba," Matilda akasema taratibu, "lilitoka Pasaka. Ulilitupa mwenyewe juu ya bati, huku unaongea na simu."

Mangi akakohoa. Akawaambia wapagazi wapandishe marobota ghorofani, nao kicheko kikawaishia hapo hapo. Siku hizi kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anakuja kucheza na mwanawe. Bado anashindwa.

Severa anataka Jumapili moja awachezeshe wazazi nao, wawili wawili, mmoja kafungwa macho na mwenzake anamwongoza hadi mtaa wa Msimbazi.

"Mangi kakubali," anasema. "Ila kaapa, ufunguo wa duka ataushika mwenyewe."