Paja la Mjomba

Alasiri ile tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu Furaha na Amani, na Mjomba Bahati aliyeniazima upinde na mshale. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nimeacha shule. Ukoo ulitaka kutugawa. Mjomba aliwaambia, “Dada yao akiweza kuwalisha, watabaki pamoja.”

Majani yalinukia mvua. Uzi wa upinde ulivuma sikioni, na pongo akaanguka. Furaha akapiga vigelegele.

“Dada ameua! Nani atatugawa sasa?”

“Hakuna,” Mjomba akacheka, kisha akanigeukia. “Ila wewe mwindaji hutaonja.”

Nililia, nikidhani naadhibiwa. Kumbe mnyama wa kwanza huliwa na wengine, ili mwindaji ajue anamwindia nani. Nikamkatia Mjomba paja, haki ya mwenye mshale, akawaachia watoto.

“Langu utanipa ukiua wa pili.”

Vita vikatukimbiza kabla sijawinda tena.

Juzi Amani alikuja kwangu Haltom City, huku ughaibuni, kutoka Houston, amebeba nyama ya moose, mnyama wa kaskazini aliye mrefu kuliko farasi. Alisafiri huko kumwinda, na ndiye mnyama wake wa kwanza kumwangusha kwa upinde.

“Kula, Dada. Mimi sionji.”

Nilikula hadi nikalamba vidole. Lakini paja la Mjomba bado nadaiwa.